Waifai ya bure inaonekana, intaneti haipo: tatizo liko wapi?

Unafika sokoni asubuhi, unafungua simu, na jina la waifai ya bure linajitokeza. Unaligusa. Mistari ya mtandao inajaa, lakini ukifungua WhatsApp au eCitizen, kiduara kinazunguka tu. Baada ya muda simu inakuandikia: imeunganishwa, hakuna intaneti.

Ni malalamiko tunayoyasikia mara kwa mara kutoka kwa wasikilizaji wetu. Wako wanaodhani simu yao imeharibika. Wako wanaosema mtandao umezimwa makusudi. Mara nyingi si hili wala lile. Hitilafu iko nyuma ya antena, kati ya vifaa viwili ambavyo havielewani, na hakuna mtu wa karibu aliyepewa kazi ya kuvipatanisha.

Katika makala haya tunaeleza vifaa hivyo ni vipi, hukosana vipi, simu yako inaweza kukuonyesha nini, na kwa nini jambo hili dogo la mafundi ni suala la fedha za umma.

Kwa nini jambo hili ni zito sasa

Serikali ya Kenya iliahidi kuweka vituo 25,000 vya waifai ya umma, kulaza kilomita 100,000 za nyaya za faiba, na kufungua kituo cha kidijitali katika kila wadi, yaani wadi zote 1,450. Wakati huohuo huduma za serikali zinahamia mtandaoni. Juni 30, 2023, Rais William Ruto alizindua mpango wa kuweka huduma 5,000 na zaidi kwenye eCitizen. Leo cheti cha tabia njema, pasipoti au leseni ya kuendesha gari huanzia huko.

Kwa mtu wa mjini, waifai ya sokoni ikikwama atatumia data yake. Kwa mkulima aliyepanda boda boda kilomita kumi ili atume ombi, hali ni tofauti. Atalipa saiba, au atanunua data ambayo hakuipangia, au atarudi nyumbani na kujaribu siku nyingine. Huduma iliyotangazwa kuwa ya bure inamgharimu nauli mara mbili.

Ndani ya kabati kuna nini

Antena unayoiona kwenye nguzo au paa la soko ndiyo inayozungumza na simu yako. Lakini antena haina intaneti yake yenyewe. Waya hushuka kutoka hapo hadi kwenye kabati la chuma. Ndani ya kabati kuna kifaa kinachoitwa swichi. Usiichanganye na swichi ya taa. Hii ni sanduku bapa lenye matundu mengi ya nyaya, na kazi yake ni kupokea mawasiliano kutoka tundu moja na kuyapeleka tundu jingine.

Kifaa cha pili ni kidhibiti cha waifai. Hiki ndicho bosi wa antena zote. Huziambia zitumie jina gani, ziruhusu watu wangapi, na mawasiliano ya umma yapite wapi. Kidhibiti kinaweza kuwa ndani ya kabati hilohilo, au kiwe mbali kwenye makao makuu, kikisimamia masoko mengi kwa pamoja. Popote kilipo, antena hukifikia kupitia swichi.

Fikiria steji ya matatu. Swichi ni steji yenyewe. Kidhibiti ni msimamizi anayesema abiria hawa wapande gari gani. Na kama matatu zilivyo na namba za njia, ndani ya swichi pia kuna njia zenye namba. Mawasiliano ya umma yanaweza kupewa njia namba 20, na ya ofisi ya soko namba 10, ili yasichanganyike.

Sasa, msimamizi akisema abiria wa umma wapande namba 20, na steji haina gari la namba 20, abiria watasimama hapo mpaka jioni. Hakuna ajali, hakuna waya uliokatika, na taa zote zinawaka. Ni namba mbili tu ambazo hazikulingana. Jina la waifai litaonekana kwenye simu yako, na hutapata kitu.

Umeme ukikatika, mipangilio nayo hupotea

Swali ambalo wasikilizaji hutuuliza ni hili: mbona ilikuwa ikifanya kazi, na hakuna aliyeigusa?

Jibu moja linahusu umeme. Fundi anapobadilisha mipangilio ya swichi, katika swichi nyingi mabadiliko huanza kufanya kazi papo hapo lakini hukaa kwenye kumbukumbu ya muda. Asipotoa amri ya kuyahifadhi, yatakuwepo mradi umeme upo. Anaweza kuondoka sokoni kila kitu kikiwa sawa. Wiki tatu baadaye umeme unakatika usiku, unarudi, na swichi inaamka na mipangilio ya zamani. Njia namba 20 haipo tena. Asubuhi watu wanasema umeme umeua waifai, kumbe umeme umefichua tu kazi iliyoachwa nusu.

Jibu la pili ni saa. Antena na kidhibiti hutambuana kwa vyeti vya kidijitali, na kila cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kifaa kikizimika na kupoteza saa yake, kinaweza kuamka kikidhani tuko mwaka mwingine kabisa. Hapo kitakiona cheti cha mwenzake kuwa hakijaanza kutumika, na kitamkataa. Dawa yake ni kurekebisha tarehe, lakini fundi asiyejua hilo anaweza kuagiza antena mpya.

Jibu la tatu ni waya wenyewe. Waya wa shaba wa mtandao kwa kawaida haupaswi kuzidi mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa. Waya huohuo mara nyingi ndio unaopeleka umeme kwenye antena. Panya, maji, jua kali na radi huudhoofisha. Waya uliojeruhiwa unaweza kupitisha umeme wa kutosha kuiwasha antena, huku mawasiliano yakipotea njiani.

Jibu la nne ni wingi wa watu. Kila simu inayojiunga hupewa anwani ya namba. Mtandao mdogo wa kawaida huwa na anwani 254 tu. Kama zimepangwa zikae na simu siku nzima, simu zilizopita asubuhi zitazishika hata baada ya wenyewe kwenda zao. Ndiyo maana kuna waifai zinazofanya kazi vizuri Jumatatu na kukwama siku ya soko. Hapo hakuna kilichoharibika. Aliyepanga hakufikiria siku ya soko.

Simu yako inaweza kukuambia nini

Huna haja ya kuwa fundi ili kujua hitilafu iko upande gani. Angalia mambo haya kwa mpangilio.

Jina la waifai halionekani kabisa: huenda antena haina umeme, au imepoteza kidhibiti chake na kunyamaza.

Jina linaonekana lakini simu inakwama kwenye "inapata anwani ya IP": antena inakusikia, lakini nyuma yake hakuna anayejibu. Ukifungua maelezo ya mtandao huo na kukuta anwani inayoanza na 169.254, simu imejipa namba yenyewe baada ya kukosa jibu. Hii ni dalili ya namba za njia kutolingana, au anwani kuisha.

Umepata anwani na ukurasa wa kuingia umefunguka, lakini baada ya hapo hakuna kitu: yaelekea sehemu ya sokoni ni nzima na tatizo liko mbele zaidi, pengine faiba imekatika.

Hata data ya kulipia ya watu wote inasuasua: hilo si la soko lenu. Mei 12, 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Kenya, Tanzania na nchi nyingine za eneo hili. Siku kama hiyo hata fundi bora hana la kufanya kwenye kabati lenu.

Linganisha na simu ya jirani kabla ya kulalamika. Kama yake inafungua na yako haifungui, futa mtandao huo kwenye simu yako kisha ujiunge upya. Kama zote zimekwama, si simu yako.

Onyo moja: mtu asivunje wala kufungua kabati. Vifaa vingi vina kitundu kidogo cha kubonyeza kwa sindano. Watu hudhani ni cha kuwasha upya, lakini kikishikiliwa sekunde kadhaa kinaweza kufuta mipangilio yote. Hitilafu ya dakika kumi inageuka kuwa ya miezi.

Nani mwenye ufunguo?

Hapa ndipo suala linapotoka kwa mafundi na kuingia kwa viongozi. Miradi hii hutangazwa kwa idadi ya vituo vilivyozinduliwa. Siku ya uzinduzi kuna hema, hotuba na picha. Lakini kituo kilichozinduliwa na kituo kinachofanya kazi leo si kitu kimoja, na mwananchi hutumia cha pili.

Hitilafu tulizozieleza nyingi hazihitaji kifaa kipya. Zinahitaji mtu anayejua kuanza na waya, kisha taa ya tundu, kisha namba za njia, kisha saa. Zinahitaji nakala ya mipangilio iliyohifadhiwa mahali salama, na betri ya kuvusha vifaa wakati umeme unapokatika. Hayo ni gharama ndogo kuliko mradi wenyewe, lakini yasipoandikwa kwenye mkataba hayana mwenyewe. Mkandarasi atasema kazi yake iliisha siku ya kukabidhi. Kaunti itasema mradi ni wa serikali kuu. Msimamizi wa soko atasema hana ufunguo.

Kwa maoni yetu, kila kabati lingekuwa na mambo matatu yaliyoandikwa nje: namba ya kituo, namba ya simu ya kuripoti hitilafu, na jina la ofisi inayowajibika. Na ripoti za serikali zitaje vituo vinavyofanya kazi, si vilivyozinduliwa tu.

Sheria inakupa njia ya kuuliza. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaeleza utaratibu. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika anapaswa kusaidiwa na afisa. Ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21, na ukinyimwa unaweza kukata rufaa kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayojulikana kama Ombudsman.

Uliza maswali manne: nani anatunza waifai ya soko letu, mkataba wake unaisha lini, anatakiwa kufika baada ya siku ngapi hitilafu ikiripotiwa, na mwezi uliopita ilifanya kazi siku ngapi? Unaporipoti, taja siku, saa, na simu ilikuandikia nini. Ujumbe wa "waifai haishiki" ni rahisi kupuuzwa. Ujumbe wa "tangu umeme ulipokatika Jumanne usiku, simu zote sita tulizojaribu zinakosa anwani" unamwelekeza fundi kwenye swichi kabla hajatoka ofisini.