Pedagojia si masomo ya walioshindwa

Kila mwaka wakati wa kuchagua masomo ukifika hapa Katindo, maneno ni yaleyale. Mtoto aliyemaliza mwaka wa 8 akisema anataka pedagojia, nyumbani wanamuuliza: "Biokemia imekushinda?" Mimi naona tunakosea.

Katika humanite kuna pedagojia ya maternele, kwa wale watakaolea na kufundisha watoto wa miaka 3 hadi 5. Kwa miaka 4 mwanafunzi anajifunza namna mtoto anavyokua, anavyoanza kusema, na kwa nini mchezo ni masomo kwake. Mwishoni anafanya mtihani wa serikali kama wenzake wa biokemia.

Tuangalie watoto wetu. Aliyezaliwa mwaka 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, amekimbia mara ngapi mgongoni mwa mama yake? Kambi kama Bulengo na Lushagala zilibomolewa Februari 2025, familia zikatawanyika. Mtoto kama huyo akisikia mlango umegongwa kwa nguvu, anajificha. Mwingine hasemi kabisa. Asiyejua atamwita mkaidi na kumpiga. Aliyesomea kazi hii ataiona hofu. Atampa muda, wimbo na mawe ya kuhesabu.

Lakini masomo ya bure yaliyoanza 2019 ni ya shule ya msingi tu. Maternele, mzazi analipa. Familia iliyohamishwa na vita italipa na nini? Mdogo anabaki na dada yake, na dada naye anaacha shule. Hivyo tunapoteza wawili.

Najua mtaniuliza: mshahara uko wapi? Ni kweli, walimu wengi wanaishi kwa shida, na wengine wanategemea pesa ya wazazi. Hilo ni deni la wenye mamlaka, na tuendelee kuwadai. Tusimlipishe kijana kwa kumcheka.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Wazazi, mwacheni anayependa kazi hii aisome, hata akiwa mvulana. Wakuu wa shule, fungueni pedagojia ya maternele pale isipokuwepo. Na makanisa na misikiti yenye chumba kinachobaki wazi asubuhi, wapeni vijana waliomaliza pedagojia wakusanye watoto wa waliohamishwa bila malipo, na sisi majirani tuchangie uji na kitu kidogo kwa mwalimu.