Geti Lililofungwa Limeua Wengi Kuliko Utani wa Simba na Yanga

Jumapili moja baada ya dabi ya Kariakoo, mhubiri mmoja mjini Kasulu aliliacha somo la siku akawageukia vijana wa mpira. Aliwaambia waumini kwamba shabiki anayetoka kibanda umiza na jezi mwilini ni mtu aliyepagawa, na kwamba serikali ingefanya vema kuwatawanya kwa mabomu ya machozi kabla hawajafika stendi. Waumini wakaitikia amina. Walioitikia ni watu wazima wenye watoto, na baadhi ya watoto hao jana yake walikuwa hukohuko stendi, na jezi zao, wakitafuta gari la kurudi Makere, Heru Juu au Kibondo.

Mhubiri hakuitunga imani hiyo. Inasikika kwenye vijiwe vya kahawa, kwenye vikao vya kata, hata kwa walimu wanaopaswa kujua zaidi: watu wa Simba na watu wa Yanga wakikutana bila kirungu katikati yao, watauana. Imani hiyo ni ya uongo, na ni ya hatari pia. Ndiyo inayompa mgambo ruhusa ya kupiga mgongo wowote ulio karibu, na ndiyo inayomfanya mwenye funguo za geti alale usingizi mzito, kwa kuwa hakuna anayemuuliza yeye.

Kigoma haihitaji kuazima ushahidi. Julai 25, 2021, fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam Sports ilichezwa Uwanja wa Lake Tanganyika. Dabi nzima ilihamishwa kutoka Dar es Salaam ikaletwa mwisho wa reli. Mukoko Tonombe wa Yanga alitolewa kwa kadi nyekundu kipindi cha kwanza. Kipindi cha pili, saa ikielekea ukingoni, Taddeo Lwanga akaifungia Simba goli pekee la mchezo. Timu imebaki na wachezaji 10, imefungwa jioni kabisa, imekosa kombe mbele ya mtani wake. Kwa hesabu za mhubiri, hayo yangetosha kuuchoma mji. Mji haukuungua. Watu walibishana kuhusu ile kadi nyekundu, wakala migebuka, wakatafuta pa kulala Mwanga na Ujiji. Familia nyingi za Kiha zina Simba na Yanga chini ya paa moja, na hakuna aliyemnyima nduguye mkeka kwa sababu ya goli la Lwanga.

Shabiki aliyetoka Kibondo jioni ile alikuwa na hofu yake, lakini haikuwa hofu ya mtani. Mbele yake kulikuwa na safari ya zaidi ya kilomita 200, na baada ya Kasulu sehemu kubwa ya barabara ilikuwa bado vumbi na mitaro ya wakandarasi. Mabasi hayakuruhusiwa kusafiri usiku wakati huo. Katazo hilo liliondolewa mwaka 2023. Hofu yake ilikuwa gari, nauli na mahali pa kuweka ubavu. Kwa hofu hizo, hakuna aliyeandaa chochote.

Tuje sasa kwenye makaburi, maana ndiko ukweli wa jambo hili uliko. Oktoba 1, 2022, huko Malang, Indonesia, Arema ilifungwa nyumbani 3-2 na mahasimu wake Persebaya katika Uwanja wa Kanjuruhan. Mashabiki wa Persebaya walikuwa wamezuiwa kabisa kuja. Uwanja mzima ulikuwa wa upande mmoja, na hapakuwa na mtani wa kupigana naye. Polisi wakafyatua mabomu ya machozi, moshi ukaelekea majukwaani, watu wakakimbilia milango ambayo mingine ilikuwa imefungwa na mingine ni myembamba. Wakafa watu 135. Anayeamini kwamba utani ndio unaoua, atueleze hao 135 waliuawa na mtani yupi.

Accra, Mei 9, 2001, Hearts of Oak na Asante Kotoko. Mashabiki wa timu iliyofungwa walirusha viti, polisi wakajibu kwa mabomu ya machozi, watu wakakimbilia mageti yaliyofungwa. Wakafa 126, na viti havikuua hata mmoja wao. Glasgow, Januari 2, 1971, Rangers na Celtic, uhasama ambao hata dini imo ndani yake: watu 66 walikufa mechi ikiwa imekwisha, wakishuka ngazi moja ya kutokea Uwanja wa Ibrox, ngazi ileile iliyokuwa imeua watu wawili mwaka 1961. Hapakuwa na ngumi. Kulikuwa na ngazi mbovu na uongozi uliojua kuwa ni mbovu.

Kisha Hillsborough, Uingereza, Aprili 15, 1989, ambayo kila askari wa Tanzania anayepangiwa kulinda mpira angepaswa kuisoma kabla hajakabidhiwa kirungu. Mashabiki 97 wa Liverpool walipoteza maisha kwa kubanwa dhidi ya uzio. Kamanda wa polisi wa siku hiyo aliamuru geti lifunguliwe bila kuziba njia iliyoelekea kwenye vizimba vilivyokuwa vimejaa, halafu akadai mashabiki ndio waliolivunja. Nchi nzima ikamwamini, kwa kuwa ilikwisha amini kwamba shabiki ni mhuni. Familia zilipigania ukweli miaka 27, hadi Aprili 2016 baraza la mahakama liliposema kwamba watu wale waliuawa kinyume cha sheria na kwamba tabia ya mashabiki haikuchangia. Miaka 27 iliibwa na imani ileile iliyopigiwa amina Kasulu.

Wanaodhani hayo ni mambo ya mbali watazame majirani. Butembo, Kivu Kaskazini, Septemba 2008: zaidi ya watu 10 walikufa kwenye mechi baada ya ugomvi wa madai ya uchawi kujibiwa kwa mabomu ya machozi, umati ukakanyagana. Kinshasa, Mei 2014, Vita Club na TP Mazembe: moshi uleule, msukumano uleule, wakafa 15. Nairobi, Oktoba 2010, Gor Mahia na AFC Leopards: watu 7 walikufa katika msukumano wa kuingia Uwanja wa Nyayo.

Na hapa kwetu? Mei 28, 2023, Yanga ilicheza na USM Alger fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika katika Uwanja wa Benjamin Mkapa. Mtu mmoja alifariki na wengine 30 wakajeruhiwa katika msukumano. Siku hiyo hapakuwa na Simba wa kusingiziwa. Miaka miwili nyuma, Machi 21, 2021, watu 45 walikufa Uwanja wa Uhuru walipokwenda kumuaga Rais Magufuli. Waliokuwapo walikuwa waombolezaji, wamevaa nguo za msiba. Umati wa kilio na umati wa shangwe unakufa kwa namna moja: kifua kinabanwa, pumzi inakata, wa nyuma hawajui kinachowapata wa mbele. Jezi haina sehemu yoyote katika hilo.

Watetezi wa virungu wana jibu lao wanalolipenda: viti. Mashabiki wa Simba waling'oa viti Oktoba 1, 2016 baada ya goli la Amissi Tambwe wa Yanga alilolifunga mpira ukiwa umegusa mkono. Viti vikang'olewa tena Desemba 2024, Simba ilipocheza na CS Sfaxien ya Tunisia. Ni kweli, na waliofanya hivyo walistahili kulipa. Simba ililipa pia: mechi yake na klabu ya Constantine, Januari 2025, ilichezwa bila mashabiki. Lakini ni hoja ya aibu kuiweka mezani. Kiti kinanunuliwa. Mtu anayelinganisha plastiki na mapafu ya kijana wa miaka 19, kisha akachagua plastiki, hana la kumfundisha mwingine kuhusu ustaarabu.

Wengine wanasema vijana wa siku hizi wanatukanana mno: Kolo, Utopolo, majeneza ya maboksi yanayozungushwa mtaani, vidole vitano usoni mwa kila shabiki wa Simba tangu Novemba 5, 2023, Yanga iliposhinda 5-1. Ndiyo, na ni raha tupu. Nchi hii imelelewa kwa utani. Watani wa makabila wanadaiana ng'ombe msibani na hakuna anayeita polisi. Aliyekasirishwa na jeneza la boksi aende nyumbani akalale.

Tatizo lenyewe linaonekana stendi. Mwandishi wa makala haya ameliona katika stendi mojawapo ya nyanda hizi za juu, jioni ya mechi kubwa. Vibanda umiza vitatu vilifumuka kwa wakati mmoja, kila kimoja na mlango mmoja wa mabati. Vijana mia kadhaa wakaingia stendi penye taa moja inayowaka. Waliofunga walikuwa wakiimba, waliofungwa wakiwajibu, na muuza mihogo ya kukaanga katikati yao akiuza kwa pande zote mbili. Basi la mwisho lilikuwa linajaza. Konda alikuwa ameshapandisha nauli, na hilo ndilo lililozua kelele, wala si mpira. Mgambo mmoja, ambaye hakuuliza kelele ni za nini, alilipiga bati la basi kwa kirungu mara mbili. Watu wote walikimbilia upande mmoja, wakaingia kwenye uchochoro kati ya mabasi mawili, na injini ya moja ilikuwa inanguruma. Beseni la mihogo likaanguka, mafuta ya moto yakamwagika hatua moja kutoka mguu wa mtoto aliyekaa juu ya gunia. Hakuna aliyeumia, kwa sababu dereva alikuwa hajaachia breki. Sababu nyingine haipo.

Baada ya hapo vijana waliobaki waliulizwa vitambulisho. Hapa ndipo jambo linapouma zaidi kwa mtu wa Kigoma. Shabiki wa Morogoro akipiga kelele anaitwa mlevi. Wa Kasulu au Kibondo akipiga kelele anaulizwa ni Mrundi au Mkongo. Kwa kuwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu iliwekwa Kasulu na ile ya Nduta Kibondo, kila kijana mwenye lafudhi ya Kiha anatakiwa kuthibitisha Utanzania wake hata akiwa amevaa jezi ya klabu iliyozaliwa Dar es Salaam mwaka 1935 au 1936. Kuwachuja wahamiaji ni kazi yenye ofisi yake na saa zake. Kuipachika kwenye umati wa usiku, watu wakigombea gari, ni kuwafanya vijana wakimbie hovyo gizani. Anayekimbia hivyo anakanyaga wengine.

Ajabu ni kwamba wilaya hizi zinajua polisi wa namna nyingine. Kwa miaka mingi, majambazi walipotamba kwenye mapori ya Kibondo na Kasulu, askari wenye silaha waliyasindikiza mabasi. Abiria walikaa na askari, wakagawana naye karanga, wakajua anakotoka. Bunduki ile ilielekea porini, haikuelekea kwenye viti. Mzee yeyote wa Kibondo aliyesafiri enzi hizo anaweza kusimulia jinsi moyo ulivyotulia kofia ya polisi ilipoonekana mlangoni mwa basi. Kwa nini askari anayemlinda abiria wa Jumatatu anamgeuka abiria huyohuyo Jumapili, kwa sababu tu amevaa nyekundu au njano?

Ureno iliwatumia polisi wa kumlinda shabiki, kwa makusudi, kwenye mashindano ya Ulaya ya mwaka 2004, wakati Waingereza walipokuwa wanaogopwa bara zima. Katika miji ya mechi, polisi wa PSP waliovaa sare za kawaida walitembea wawili wawili, wakasalimiana na mashabiki, wakawaelekeza njia. Vikosi vya kutuliza ghasia viliwekwa pembeni, mbali na macho. Miji hiyo ilikaa shwari. Ghasia kubwa za Waingereza zilizuka Albufeira, mji wa ufukweni ulio chini ya jeshi jingine, GNR, ambalo halikutumia utaratibu huo. Mashabiki walikuwa walewale na bia zilikuwa zilezile. Tofauti ilikuwa ni polisi. FIFA nayo, katika kanuni zake za usalama viwanjani, inakataza silaha za moto na gesi ya kutawanya umati. Kinachokatazwa uwanjani, penye ngazi na mageti makubwa, hakiwezi kuwa halali kwenye stendi yenye njia moja ya kutokea.

Na isisemwe kwamba uwezo haupo. Msimu wa kampeni, malori na mabasi yanapatikana kuwapeleka watu kwenye mikutano na kuwarudisha vijijini, usiku, wakiwa wamevaa rangi za vyama wanavyovipenda kuliko Simba na Yanga. Mafuta yanapatikana, spika zinapatikana, askari wanaongoza magari kwa adabu. Kijana yuleyule akilipa mwenyewe shilingi zake kutazama mpira, ghafla ni tishio kwa amani.

Kinachotakiwa Kasulu na Kibondo hakihitaji bajeti ya Dodoma. Kibanda umiza chenye mlango mmoja kisipewe leseni hadi kitoboe wa pili. Taa za stendi ziwake siku za mechi, na nauli halali ibandikwe penye mwanga ili konda asizue ugomvi. Mabasi mawili ya ziada yasubiri, moja kwa njia ya Makere na jingine la Kibondo, na ndani ya kila moja akae askari, kama zamani. Mageti ya uwanja yafunguliwe robo saa kabla ya filimbi ya mwisho, na jina la mwenye funguo lijulikane kwa mkuu wa polisi wa wilaya (OCD) na kwa mkurugenzi wa halmashauri kabla tiketi ya kwanza haijauzwa. Siku watu watakapokanyagana, aitwe huyo kwanza, kabla ya kijana yeyote mwenye jezi.