Ziada ya Viazi: Fungu la Kula, Fungu la Kukausha, Fungu la Mbegu

Akiba haiozi, walisema wahenga. Hata hivyo, mkulima wa Buwenge aliyevuna viazi vitamu vingi mwezi wa Desemba anajua vyema kwamba akiba ya namna hiyo huoza, tena upesi. Kiazi kilichong'olewa na kurundikwa pembeni mwa nyumba bila matunzo hunywea au huoza katika muda wa wiki chache. Hivyo ndivyo shibe ya Desemba inavyoweza kugeuka kuwa njaa ya Februari.

Desturi ya tangu zamani huko Busoga ni kuviacha viazi ardhini na kuchimba kidogo kidogo, kadiri ya mahitaji ya chungu cha siku. Desturi hiyo ni njema maadamu udongo una unyevu. Lakini kiangazi kikikaza, udongo hupasuka, na katika nyufa hizo hupita fukusi wa viazi akataga mayai. Kiazi alichokitoboa huwa kichungu, na uchungu huo hauondoki kwa kupikwa. Mahali ambapo mashamba mengi yamegeuzwa kuwa ya miwa, kama ilivyo kandokando ya barabara itokayo Jinja kwenda Kamuli, kipande cha ardhi kilichosalia kwa chakula ni kidogo. Kupoteza nusu ya mavuno kwa fukusi si jambo la kupuuzwa.

Katika nchi za baridi, wenye bustani huhifadhi karoti zao wakati wa majira ya baridi kwa kuzipanga ndani ya masanduku ya mchanga. Nusu ya kazi hufanywa na baridi yenyewe, kwa kuwa karoti hudumu vizuri hali ya hewa inapokaribia kuganda. Kiazi kitamu hakipendi baridi: kikikaa chini ya nyuzi 12 za Selsiasi huharibika, na kwa sababu hiyo hakifai kuwekwa ndani ya friji. Lakini mchanga wenyewe una kazi yake hata Buwenge, kama itakavyoonekana.

Yafaa basi ziada igawanywe katika mafungu matatu siku ile ile ya kuvuna.

Fungu la kwanza ni la kuliwa mapema. Humu viwekwe viazi vyote vilivyokatwa kwa jembe, kwani havitadumu. Viwekwe pia viazi lishe, yaani vile vyenye nyama ya rangi ya karoti. Rangi hiyo ndiyo dalili ya kiini ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho ya watoto na kuwasaidia kushinda maradhi. Viazi vya aina hiyo viligawiwa wakulima wa Kamuli, Bukedea na Mukono kati ya mwaka 2007 na 2009, na mwaka 2016 mtafiti wa Uganda, Robert Mwanga, alikuwa miongoni mwa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani kwa kazi hiyo. Viazi lishe vikikaushwa na kuwekwa miezi kadhaa, sehemu kubwa ya kiini hicho hupotea. Ni afadhali vichemshwe vingali vibichi na kupewa watoto.

Fungu la pili ni la kukausha, na hapa viazi vyeupe ndivyo vifaavyo. Walimu wa kazi hii ni majirani wa kaskazini, Wateso. Viazi huoshwa, humenywa, hukatwa vipande vyembamba na kuanikwa juani juu ya mwamba safi au mkeka mpaka vikatike kwa sauti vinapovunjwa. Vipande hivyo Wateso huviita amukeke, na hupikwa pamoja na kunde au karanga zilizopondwa. Viazi vilivyopondwa kabla ya kuanikwa huitwa inginyo, navyo husagwa pamoja na mtama au muhogo kupata unga wa ugali. Kukiwa na mawingu viingizwe ndani, kwa kuwa kipande kilichopata unyevu huota ukungu. Vikiisha kukauka, viwekwe katika chombo kikavu chenye mfuniko, mbali na sakafu.

Fungu la tatu ni dogo kuliko yote, nalo husahauliwa mno. Ni la mbegu. Kiazi kitamu hupandwa kwa marando, na marando hukauka shambani wakati wa kiangazi. Mvua za Machi zinaponyesha, nyumba isiyo na marando hulazimika kununua au kungoja mpaka yachipue upya. Aliyechelewa kupanda huchelewa kuvuna. Hapa ndipo mchanga unapohitajika. Vichaguliwe viazi vidogo, vizima, visivyo na tundu lolote la fukusi, kama 40 hivi. Vipumzishwe kivulini siku moja au mbili. Kisha vipangwe katika beseni kwa tabaka, kiazi kisigusane na kiazi, na kila tabaka lifunikwe kwa mchanga mkavu uliokwisha kupoa. Mchanga wa moto uliotoka juani huvipika. Beseni liwekwe ndani ya nyumba, mahali pa ubaridi, na kila mwezi vikaguliwe, vilivyooza viondolewe.

Katikati ya Januari, wiki sita hadi nane kabla ya mvua, viazi hivyo vipandwe katika tuta dogo karibu na nyumba, lililozungushiwa ua wa kuzuia mbuzi na kuku. Maji yaliyooshea mboga yatosha kulinyweshea. Kiazi kimoja kilichotunzwa vizuri huweza kutoa vipande 40 hivi vya marando, na hivyo beseni moja hutosha kuanzishia shamba la jamaa.

Jambo moja lakini ni la lazima: beseni la mchanga lisiguswe hata chakula kikipungua. Chakula cha Februari kimo katika chombo cha amukeke. Kilichomo mchangani ni chakula cha Julai.