Mwenye Kiwanda Aende Akamtazame Nyuki

Matajiri wetu wakikutana kuzungumza habari za biashara, mnyama wanayependa kufananishwa naye ni simba. Simba yumo katika kalenda zao, yumo katika nembo, yumo katika hotuba. Sisi hatuna ugomvi na simba. Lakini simba hapandi wala hafugi. Hula alichokikuta, na kikiisha huenda zake. Mtu aongozaye biashara ya mazao hawezi kuishi hivyo, maana biashara yake imesimama juu ya kazi ya viumbe wengine, walio watu na wasio watu. Twamshauri amwache simba ukutani, aje Singida amtazame nyuki.

Mkoa huu unasifika kwa alizeti na asali. Wengi hudhani hizo ni biashara mbili za watu wasiojuana. Mwenye kiwanda cha kukamua mafuta pale mjini humwona mfuga nyuki wa Manyoni au Itigi kuwa mzee wa porini mwenye mizinga yake, asiyemhusu hata kidogo. Hapo ndipo kosa linapoanza.

Ua la alizeti si ua moja. Ule uso wa manjano tunaouona umebeba mamia ya maua madogo yaliyobanana, na kila moja likipata chavua hutoa mbegu yake moja. Alizeti nyingi inayopandwa na wakulima wetu haizai vizuri kwa chavua yake yenyewe. Hutaka chavua ya mmea mwingine. Na chavua yake ni nzito, inanata, upepo hauichukui mbali. Anayeichukua hasa ni nyuki. Asipofika, ua litakua na kukauka kama mengine, lakini mkulima akipura atapata mapepe. Gunia litajaa, mizani itakataa.

Basi yule bwana anayelalamika kwamba mashine zake zakaa kimya kwa kukosa mbegu, katika nchi ambayo bado hununua ng'ambo sehemu kubwa ya mafuta yake ya kula, na ajue kuwa ana vibarua maelfu kwa maelfu ambao hawamo katika daftari lake la mishahara. Hajapata kuuliza wanakaa wapi wala wanakula nini.

Wanakaa porini. Alizeti huchanua kwa majuma machache tu, na baada ya hapo nyuki hana budi kula maua ya miombo, ya migunga na ya vichaka vya Itigi. Pori likikatwa kwa mkaa, au likifyekwa ili ziongezwe ekari za alizeti, mkulima anakuza shamba huku akifukuza wafanyakazi. Mwingine hupiga dawa ya wadudu saa za mchana, maua yakiwa wazi na nyuki wamo kazini. Angengoja jioni asingepata hasara yo yote.

Watu wa vijiji vitano vya Mgori waliliona jambo la pori mapema. Katika miaka ya 1990 palikuwa na mpango wa kuufanya msitu wao hifadhi ya Serikali. Mwishowe ulibaki mikononi mwa vijiji vyenyewe, navyo vikauwekea sheria ndogo na walinzi wao. Hawakufanya hivyo kwa ajili ya viwanda. Hata hivyo twauliza: ni viwanda vingapi vilivyotia mkono kusaidia kijiji cho chote kulinda pori lake?

Nyuki wetu wa Afrika ana tabia moja ambayo kila mfugaji anaijua: akionewa, huhama. Ukikomba masega yote usimwachie akiba ya kiangazi, utarudi ukute mzinga mtupu. Hagomi, haandiki barua. Na mkulima ndivyo alivyo. Mnunuzi anayemlazimisha kujaza lumbesa, jambo ambalo sheria ya vipimo inalikataza, na anayeshusha bei siku ile ile magunia yanapofika barabarani, amekomba masega yote. Mwaka wa pili atakuta shamba limepandwa mtama au vitunguu, naye atasema wakulima wa Singida hawana msimamo!

Lakini tusidanganyane kwamba porini kuna mafunzo ya upole tu. Kule Mkalama, na kuzunguka Ziwa Eyasi, Wahadzabe hurina asali wakiongozwa na ndege aitwaye mlembe. Ndege huita, mtu hufuata, mzinga huonekana. Mtu huchukua asali, ndege hula nta. Watafiti waliofuatana nao waliandika mwaka 2014 kwamba kwa msaada wa ndege huyo warina asali huona mizinga zaidi ya mara tano ya ile wanayoiona peke yao. Wakaandika pia kwamba mara nyingi warinaji huyazika au kuyachoma masega yaliyobaki, ili ndege akae na njaa aendelee kuwaongoza. Wayao wa Niassa, Msumbiji, wao humwekea nta yake.

Mhadzabe anatafuta chakula cha siku, hatumlaumu. Mfanyabiashara mwenye ghala na lori hana udhuru huo. Naye, kama tunavyoona, wako walio wengi wa kuzika masega: humkopesha mkulima mbegu kwa masharti ya kumfanya akope tena mwakani. Hiyo nayo ni elimu ya porini. Kila mtu achague anamfuata nani.

Neno moja kwa viongozi wa vyama vya ushirika, maana nao huongoza biashara. Wako wanaodhani malkia wa nyuki hutoa amri. Hatoi, kazi yake ni kutaga. Kundi likitaka makao mapya, wapelelezi huenda mbali, wakirudi hucheza kuonyesha upande na umbali. Lugha hiyo ya kucheza ilifumbuliwa na Karl von Frisch, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973. Wenzao hawakubali kwa kusikia tu. Huruka wakakague wenyewe, na kundi haliondoki mpaka wapelelezi wa kutosha wameafikiana mahali pamoja. Mwenyekiti anayetia sahihi mkataba na mnunuzi kisha akawaita wanachama kuupigia makofi angestahili kusimama karibu na kundi la namna hiyo kwa dakika chache, bila kofia.

Twawaomba wenye viwanda jambo dogo. Alizeti itakapochanua, kila mmoja aache gari barabarani saa tatu asubuhi, aingie shambani kwa mkulima anayemuuzia, asimame mbele ya ua moja kwa dakika kumi na kuhesabu nyuki wanaotua. Kisha amwulize mwenye shamba baba yake alikuwa akihesabu wangapi.