TUPIME KWANZA, NDIPO TUJENGE



Mkutano Mkuu wa Kijiji unakaribia, na neno kubwa litakuwa ghala la ushirika. Tofali zimekwisha chomwa. Wako wanaosema msingi uchimbwe mara moja kabla ya mvua. Sisi tunasema ghala tunalihitaji, tena sana, maana mahindi yetu yanauzwa kwa bei ya kutupa kwa kuwa hatuna pa kuyaweka. Lakini jembe la kwanza lisipigwe kabla hatujajibu maswali matatu. Ardhi itabeba? Mzigo upo? Kulitunza tutaweza?

Msidhani haya ni maneno ya woga. Kongwa si mbali na kwetu, na wazee wetu wametusimulia habari za karanga. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma watu wake kutafuta mahali pa kulima karanga. Wakazunguka majuma machache tu, wakaandika kwamba ekari zaidi ya milioni 3 zinafaa, nyingi zikiwa hapa Tanganyika. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa, bila kutangulia kulima shamba dogo la majaribio. Yakaletwa matrekta yaliyokwisha tumika, hata vifaru vya vita vikageuzwa kuwa matrekta. Vichaka na mizizi ya mibuyu vikavunja mashine. Kumbe udongo wa pale una mfinyanzi mwingi, ukikauka ni kama tofali, karanga hazing'oki. Mvua nayo ikakosa. Mzee yeyote wa Ugogo, nchi iliyoona njaa ya Mtunya miaka ya 1917 hadi 1920, angewaambia kwamba mvua ya huku si ya kutegemea.

Mwaka 1951 mpango ukafutwa. Pauni zaidi ya milioni 35 zikawa zimepotea. Kusini nako ilijengwa reli toka Mtwara hadi Nachingwea ili ibebe karanga. Karanga hazikuja, na baadaye reli ikang'olewa.

Wale walikuwa serikali kubwa, walipata hasara wakaendelea na mambo yao. Sisi akiba yetu ni moja, jasho la misimu mingi. Ikizama ardhini, hatuna nyingine.

Basi tuanze na ardhi. Kiwanja kinachotajwa kiko kule bondeni, karibu na barabara. Barabara ni jambo jema, gari litafika. Lakini udongo wa kule ni mweusi wa mbuga. Udongo huo ukinywa maji huvimba, kiangazi hunywea na kupasuka. Kila mmoja wetu ameona nyufa zake, mguu wa mtoto unaingia. Ukuta ukisimama juu ya udongo unaopanda na kushuka, ukuta nao utapasuka. Tena tuulize wazee: mwaka ule wa El Nino, 1997 kuingia 1998, maji yalifika wapi? Magunia yakiloa siku moja, kazi ya mwaka imeoza.

Pili, mzigo. Tuhesabu. Kisomo cha watu wazima hakikutufundisha kusoma majina yetu tu, kilitufundisha na hesabu. Tuseme kila gunia litalipiwa shilingi 2,000 kwa msimu, na magunia yawe 300. Hizo ni shilingi 600,000. Mlinzi akilipwa shilingi 100,000 kwa mwezi, kwa mwaka ni 1,200,000. Hapo hatujanunua dawa ya wadudu, wala bati moja la kuziba panapovuja. Maana yake magunia 600 yanatakiwa kwa ajili ya mlinzi peke yake. Je, tunayo? Kila balozi apite nyumba kwa nyumba, aandike mwanachama ataleta magunia mangapi kweli kweli, siyo ya kujisifu.

Tatu, matunzo. Jengo haliishi siku ya kufunguliwa. Nani atashika ufunguo, nani ataandika daftari, paa likiezuliwa na upepo fedha itatoka mfuko gani? Hayo yaandikwe kabla, siyo baada ya ugomvi.

Wapo watakaosema, kupima ni kuchelewesha, na tofali zitalowa. Jamani, tofali hufunikwa kwa nyasi. Kuchelewa msimu mmoja kunauma, lakini ghala lililopasuka linauma miaka yote. Na majibu yakionyesha kwamba ghala dogo kule mlimani kwenye udongo mwekundu ndilo linalotufaa, tulijenge hilo bila kuona haya. Likijaa, tutaongeza chumba.

Kwa hiyo tunapendekeza hivi. Jumamosi asubuhi wanachama tufike kiwanjani na majembe, tuchimbe mashimo matatu, kila moja liingie urefu wa mtu, tuone kuna nini chini. Tuchimbe mengine matatu kule mlimani, tulinganishe. Halmashauri ya Kijiji iandike barua wilayani kuomba fundi wa majengo aje ayaone kabla hayajafukiwa. Mabalozi walete hesabu ya magunia siku ya mkutano. Hapo ndipo tupige kura, tukijua tunachokipigia.

Haraka haraka haina baraka. Tukutane Jumamosi.

Katibu wa Tawi