Mizani ya Hewa Nayo Ipimwe

Msafiri ashukaye Isiolo wakati wa kiangazi, pale barabara kuu iendayo Moyale inapoiacha miinuko ya Meru na kuingia nyikani, huliona vumbi kabla hajaiona sura ya mji. Na wenyeji walivutao usiku na mchana wana haki ya kujua kwa yakini kiasi kiingiacho vifuani mwao, hasa zile chembe nyembamba ambazo Shirika la Afya Duniani, tangu mwaka 2021, limenasihi wastani wake kwa mwaka usizidi maikrogramu 5 katika mita moja ya ujazo.

Kanuni za Ubora wa Hewa tulitungiwa mwaka 2014. Kituo cha kupimia hewa cha Mlima Kenya nacho kipo tangu 1999, kwenye kimo cha mita 3,678, lakini kiliwekwa kusudi mbali na makazi, kipime hewa ya ulimwengu, wala si ya mtaa wetu.

Hewa ya mtaa basi yahitaji vyombo vya mtaani; lakini siridhiki mtandao wa taifa wa kupimia hewa usifiwe kwa idadi ya vyombo tu. Vile vya bei nafuu hukadiria chembe kwa nuru zinayoitawanya, navyo huzipunja chembe nene za vumbi, ilhali unyevu mwingi huvifanya vizidishe hesabu; basi chombo kilichosawazishwa Nairobi, penye moshi wa magari, hakiaminiki Isiolo mpaka kiwekwe upya kando ya chombo cha rejea, katika kiangazi na masika, na kadiri ya makosa yake, pamoja na saa kilizonyamaza, itangazwe hadharani sambamba na vipimo vyenyewe.