Upoaji au Upozaji? Istilahi ya Sayansi ya Anga na Funzo la Tembe la Unyanyembe

Katika mijadala ya istilahi za sayansi imezoeleka kudhani kwamba Kiswahili hukwama pale sayansi inapokuwa ngeni. Mara nyingi, hata hivyo, kinachokwamisha si ugeni wa jambo, bali ni mwundaji wa istilahi kutafsiri neno kabla ya kulichunguza jambo lenyewe. Suala la kuondoa joto katika ala za kisayansi bila kutumia mtambo linathibitisha hoja hiyo.

Mwaka 2012 Rainer Kaltenbaek na wenzake walichapisha pendekezo la MAQRO, lenye lengo la kupima, katika anga za mbali, iwapo kanuni za kwanta hutawala pia vitu vikubwa kuliko atomu. Jaribio la namna hiyo huvurugwa na joto. Kwa hiyo ala zinakusudiwa kuwekwa nje ya chombo, nyuma ya ngao zinazokinga joto la jua na la chombo chenyewe, zikiwa zimeelekea anga tupu. Joto lake huondoka kwa mnururisho, bila kubebwa na hewa wala kimiminika. Mwaka 2014 Gerald Hechenblaikner na wenzake walikokotoa kwamba jukwaa la ala lingeweza kufikia kelvini 27, na sehemu ya jaribio kelvini 16, yaani takriban nyuzi 257 za Selsiasi chini ya sifuri.

Mfasiri anayefuata neno la Kiingereza atashawishika kuuita utaratibu huu “upozaji tendwa”, kwa kuwa sarufi imemzoeza hivyo. Istilahi hiyo inapotosha. Kitenzi “poza” ni cha usababishi, nacho hudai mtendaji. Hapa hakuna kinachopoza. Kiswahili tayari kina “poa”, kitenzi kisichodai mtendaji. Tofauti ambayo Kiingereza huieleza kwa kivumishi, Kiswahili huieleza ndani ya kitenzi chenyewe: upozaji ni wa mtambo, upoaji ni wa kitu chenyewe.

Jambo hili si geni katika njia ya misafara. Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, lipo tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872, ambalo sasa ni makumbusho. Kuta nene za udongo huchelewesha joto la mchana lisifike ndani. Paa bapa la udongo, usiku wa kiangazi mbingu zikiwa hazina wingu, huirudishia anga joto hilo kwa mnururisho uleule unaotegemewa na wanafizikia. Burton na Speke walipofika Kaze mwaka 1857 walikuwa na vipimajoto, ambavyo Speke alivitumia kukadiria mwinuko wa nchi kwa joto la maji yachemkayo. Historia ya sayansi imevihesabu vipimajoto hivyo. Matembe yaliyowahifadhi wageni hao haikuyahesabu.

Inaweza kupingwa kwamba ngao za chombo cha anga hubuniwa na mhandisi, hivyo mtendaji yupo. Pingamizi hili lina uzito, lakini halitoshi. Fundi wa tembe naye hubuni ukuta na paa. Hata hivyo hakuna asemaye kwamba fundi anaipoza nyumba kila usiku. Kazi yake ni kupanga. Joto huondoka lenyewe. Wala haidaiwi kwamba tembe na chombo hicho ni kitu kimoja: tembe limezungukwa na hewa, na udongo wake huhifadhi joto kwa saa nyingi, ilhali angani mnururisho ndiyo njia pekee ya joto kutoka.

Mwanafunzi anayefundishwa “upozaji tendwa” hukariri kauli ya sarufi; anayefundishwa “upoaji” huelewa mwenendo wa joto, na anaweza kuutambua katika paa la babu yake. Vyombo vinavyosanifisha istilahi vingefanya vyema kuanza na kitenzi ambacho wazungumzaji wanacho tayari, ndipo vigeukie kamusi ya Kiingereza.